Mche Kati ya Haraka na Ngojangoja



Mwaka jana, katika siku za mwanzo za mwezi wa Machi, mvua kubwa ilinyesha katika mji wetu usiku tatu mfululizo. Kamati ya msikiti, ambayo tunaitumikia kwa nafasi ya ukatibu, ilikuwa imekwisha kununua miche 40 ya miembe na mikungu ili kuupatia kivuli uwanja wa madrasa. Tulipoona ardhi imelowa, tuliazimia kupanda Jumamosi iliyofuata. Mzee mmoja miongoni mwa wajumbe alitunasihi tungoje. Alisema mvua ya kwanza ni mjumbe tu, mwenye nyumba bado yuko njiani. Lakini barua ya mgeni rasmi ilikuwa imekwisha kutoka, na watoto walikuwa wamekwisha kuihifadhi kasida yao, basi tukapanda. Mvua ikakatika kwa siku 22. Masika ya kweli yalipoingia, miche iliyokuwa hai ilikuwa 11.

Mzee yule hakutulaumu hata siku moja. Jioni moja, baada ya sala ya Isha, alitusimulia kwamba binti yake, anayeishi na mumewe katika jimbo la Illinois nchini Marekani, amewahi kuona kosa kama letu likifanywa na miti yenyewe, bila ya kamati wala mgeni rasmi. Joto lilikuja mapema, miti ikaliamini na kutoa majani, kisha baridi ikarudi kwa usiku michache na majani yote yakawa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Tulicheka kidogo kwa kujifariji. Baadaye tukaitafuta habari hiyo katika maandishi ya wataalamu wa misitu, tukaona kwamba haikuwa ya kuchekesha. Leo tunaileta kwenu, kwa kuwa ni habari ya wadogo wanaokua chini ya wakubwa, na ukurasa huu ni wa familia.

Sisi wa pwani tumezoea kuhesabu mwaka kwa kaskazi na kusi, masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Katika nchi za kaskazini ya mbali mwaka umegawanyika kwa joto na baridi. Baridi inapokaribia, miti mingi ya huko hupukutisha majani yote ikabaki matawi matupu kwa miezi kadhaa. Majani ya mwaka unaofuata huwa yamekwisha kuandaliwa, yamekunjwa ndani ya matumba madogo yaliyofunikwa kwa magamba magumu. Tumba lililofungwa hustahimili baridi kali ajabu, ile inayogandisha mito na maziwa. Jani laini lililokwisha kukunjuka halistahimili zaidi ya nyuzi chache chini ya sifuri. Kwa hiyo siku ya kufungua tumba ni siku ya mti kuvua silaha zake, na ikishapita haiwezekani kulifunga tena.

Mti huijuaje siku hiyo? Aliyepita madrasa atakumbuka kwamba majina ya baadhi ya miezi yetu yana alama ya majira. Neno rabii kwa Kiarabu ni machipuko, na jumada hunasibishwa na kuganda kwa maji. Hata hivyo mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11; kwa hiyo Rabiul Awwal, ambao sisi tunauita Mfungo Sita, huzunguka majira yote katika muda wa miaka kama 33. Jina limebaki pale pale, majira yamekwenda zake. Mti hauna jina la kushikilia. Una hesabu yake, nayo huanza na baridi.

Tumba lazima lipitie wiki nyingi za baridi kabla ya kuwa tayari kuamka. Hiyo ni kinga, ili siku mbili tatu za jua katikati ya majira ya baridi zisiliamshe bure. Deni hilo la baridi likishalipwa, huanza hesabu ya joto: kila siku yenye joto huongezwa juu ya iliyotangulia, hata jumla ikitimia tumba likapasuka. Ipo miti ambayo hutazama pia urefu wa mchana, kama mlinzi anayetaka kuona vyeti viwili kabla ya kufungua lango. Hesabu hii ni nzuri, lakini imejengwa juu ya siku zilizopita na siku iliyopo. Haina habari ya usiku wa wiki ijayo. Mwezi wa tatu ukiwa na joto kama wa tano, mti utahesabu, utafika kwenye jumla yake, nao utafungua.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi mti mchanga usingoje mpaka hatari yote ipite? Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mti mchanga wa msituni huishi katikati ya methali hizo mbili.

Msitu wa namna hiyo ni kama nyumba ambayo paa lake huondolewa kila mwaka na kuezekwa upya. Wakati wa baridi miti mikubwa haina majani, na jua hufika hadi ardhini. Miti mikubwa ikishakunjua majani, paa hufungwa, na mwanga unaofika chini hubaki sehemu ndogo tu ya ule ulio juu. Mti mchanga ulio chini ya wazee wake unapata wiki chache tu kati ya joto la kwanza na kufungwa kwa paa. Ndiyo maana miti michanga ya jamii nyingi hutoa majani mapema kuliko mikubwa ya jamii ile ile. Huwahi ili ipate chakula kabla ya kivuli kuingia, na katika wiki hizo chache huweka sehemu kubwa ya riziki ya mwaka mzima.

Jambo hili halikuachwa kuwa dhana. Karibu na mji wa Urbana, katika jimbo lile lile la Illinois, upo msitu mdogo uitwao Trelease Woods ambao Chuo Kikuu cha Illinois huutumia kwa utafiti. Mtaalamu wa mimea wa chuo hicho, Bibi Carol Augspurger, alichagua miti michanga ya aina mbili. Ya kwanza ni ile inayoitwa bakai. Ya pili ni mepo wa sukari, mti ambao utomvu wake hupikwa hadi ukawa shira. Baadhi ya miti hiyo aliifunika kwa mahema ya kitambaa cha kivuli katika kipindi cha machipuko, kabla ya paa la msitu kufungwa, kwa miaka mitatu mfululizo. Mingine aliiacha ipate jua lake kama kawaida. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Katika bakai waliotiwa kivuli, baada ya miaka miwili walikuwa wamebaki hai asilimia 7 tu, ilhali wale walioachiwa jua walikuwa hai wote hata baada ya miaka mitatu. Katika mepo waliotiwa kivuli, baada ya miaka mitatu walibaki asilimia 20. Katika wenzao walioachiwa jua walibaki asilimia 73.

Tuzitafakari hesabu hizo. Miti ile haikukatwa wala haikung'olewa. Ilichopungukiwa ni jua la wiki chache za mwanzo wa mwaka, na upungufu huo ulitosha kuimaliza. Kuchelewa, kwa mti mchanga, ni njaa. Haiui siku ile ile; huua polepole, mwaka baada ya mwaka, na mpita njia haoni kilichotokea.

Upande wa pili wa wembe ni sakitu, yaani ule umande unaoganda ukawa weupe juu ya majani alfajiri. Wenzetu wa nyanda za juu za Njombe na Makete wanaijua vizuri, kwani huwajia katika miezi ya kipupwe na kubabua mashamba. Sakitu hupenda usiku wa anga safi usio na upepo. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea juu, na kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito. Huteremka kama maji na kujikusanya mabondeni na katika vishimo. Kwa hiyo mti mkubwa unaweza kuwa na matawi yake katika hewa yenye nafuu, na mche ulio miguuni pake ukawa umezama katika dimbwi la baridi. Maji yaliyo ndani ya jani laini yakiganda, huvunja na kukausha chembe zake. Jua linapochomoza jani huonekana kama limelowa, kisha hulegea na kuwa jeusi.

Tukio alilolisimulia mzee wetu linalingana na lile la mwaka 2007. Mwezi wa Machi mwaka huo ulikuwa na joto lisilo la kawaida katika sehemu kubwa ya Marekani, na miti ya katikati na mashariki ya nchi ikafungua matumba kabla ya wakati wake. Kisha, kati ya tarehe 4 na 10 Aprili, hewa ya baridi ilishuka kutoka kaskazini, na kwa usiku kadhaa mfululizo vipimo vikaenda chini ya sifuri. Ngano, matufaha na mapichi viliungua. Hasara ya wakulima ilikadiriwa kuzidi dola bilioni 2. Misituni hapakuwa na mkulima wa kudai fidia, lakini majani machanga yalikuwa meusi katika eneo kubwa. Wachunguzi waliona kwamba miti haikuumia sawasawa. Iliyokuwa bado imefumba matumba ilisalimika. Iliyokuwa katikati ya kukunjua majani yake laini iliumia zaidi. Tulipolinganisha tarehe tuliona kwamba siku zile zilikuwa za Mfungo Sita wa mwaka 1428 Hijria, siku chache tu baada ya Maulidi. Mwaka ule jina la mwezi na majira ya huko vilikuwa vimekutana, na sakitu ikaja vilevile.

Mti mkubwa ukiunguzwa namna hiyo hupata hasara, lakini kwa kawaida haufi. Katika mizizi na shina lake umeweka akiba ya wanga ya miaka mingi, na kwenye matawi una matumba ya ziada yaliyolala yakisubiri siku ya dhiki. Baada ya wiki kadhaa huvaa majani ya pili, pengine madogo na machache kuliko ya kwanza. Mche uliotoka mbeguni mwaka juzi hauna hazina hiyo. Kidogo ulichokuwa nacho umekitumia kujenga majani yale yaliyoungua. Na hata ukifaulu kutoa mengine, huenda ukayatoa wakati paa la wazee linafungwa, ukapewa kivuli badala ya jua. Hapo adhabu mbili huungana: umelipa gharama ya kuwahi, na umepata njaa ya kuchelewa. Kwa upande mwingine, iwapo sakitu imeiunguza miti mikubwa pia, jua linaweza kubaki chini kwa siku zaidi, na ule mche uliosalimika ukapata fursa ambayo haikutarajiwa.

Wako wanaodhani kwamba dunia ikizidi kuwa na joto, habari ya sakitu itakwisha. Ingekuwa hivyo kama joto na baridi vingekubaliana kuondoka pamoja. Lakini joto la mwanzo wa mwaka linaweza kuwahi kwa wiki mbili, na usiku wa mwisho wa sakitu ukasogea kwa siku chache tu. Nafasi iliyo kati yao ndiyo mtego. Bibi Augspurger alirudi kwenye kumbukumbu za hali ya hewa za Illinois za miaka 124, akalinganisha joto, wakati wa kutoa majani na usiku wa baridi. Hitimisho alilochapisha mwaka 2013 ni kwamba hatari ya miti kuungua katika machipuko imekuwa ikiongezeka. Ni nchi iliyopata joto zaidi, na miti yake ikapata sakitu zaidi.

Na upande wa jua nako nafasi inabanwa. Katika mji wa Concord, jimbo la Massachusetts, mwandishi Henry David Thoreau alikuwa na mazoea, katika miaka ya 1850, ya kutembea msituni na kuandika siku ambayo kila mti na kila ua lilifungua. Hakuwa na chombo chochote cha ajabu. Alikuwa na macho, miguu na daftari. Zaidi ya miaka 150 baadaye wataalamu wamelinganisha maandishi yake na hali ya leo, wakakuta kwamba miti mikubwa ya huko sasa inatoa majani mapema zaidi, na imewahi kwa siku nyingi kuliko maua madogo ya chini ya msitu. Maana yake ni kwamba paa linafungwa mapema, na wakaao chini wamepunguziwa siku zao za jua. Sisi tulio makatibu tumelitazama daftari lile kwa heshima. Muhtasari ulioandikwa kwa uaminifu hujui ni nani atauhitaji.

Binadamu hawezi kuuambia mti usubiri, wala hawezi kuzuia usiku usipoe. Lakini wenye kazi ya misitu wanayo mambo wanayoyafanya. Hawakati miti mikubwa yote kwa mara moja pale wanapotaka miche ikue. Huacha baadhi isimame, kwa kuwa matawi ya juu hupunguza joto linalopotea ardhini usiku, kisha huipunguza kidogo kidogo kadiri miche inavyopata nguvu. Huepuka kupanda aina zinazowahi kuchipua katika mabonde yanayokusanya baridi. Na huangalia sana asili ya mbegu. Kusini mwa Sweden, kwa mfano, imekuwa desturi kupanda mti wa sprusi, ulio wa jamii ya misonobari, kwa mbegu zenye asili ya mashariki ya Ulaya, kwa sababu miti ya asili hiyo huchelewa kidogo kuchipua na hivyo huikwepa sakitu ya mwisho. Aina ni ile ile moja, lakini kila ukoo umerithi saa yake.

Kutokana na habari hizi zote tumejifunza jambo moja, nalo si kwamba kuwahi ni kosa. Mti mchanga usiowahi hufa kwa njaa. Wala si kwamba kungoja ni hekima kila mara. Jambo lenyewe ni kwamba mdogo hana akiba ya kukosea mara mbili, na kosa ambalo mkubwa hulilipa kwa majani, yeye hulilipa kwa uhai. Aliye na akiba ndiye anayewajibika kuzitazama alama za wakati kwa niaba ya asiye nayo. Mepo wa Illinois hakuwa na wa kumwambia kwamba baridi inarudi. Miche yetu 29 iliyokauka ilikuwa na kamati nzima, na ndani ya kamati alikuwamo mzee mwenye kujua. Hatukumsikiliza kwa sababu kasida ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa. Hilo tunalikiri hapa, kwa kuwa katika muhtasari wa kikao kile tuliliandika kwa maneno laini mno, ya kwamba miche "ilikumbwa na ukame".

Mwaka huu tumebadili utaratibu. Tumefunga kopo la kupimia mvua ukutani mwa madrasa, na mwanafunzi mmoja wa zamu huandika kila asubuhi kiasi kilichopatikana. Hatukupanga tarehe. Tulikubaliana kuwa hatutapanda mpaka kijiti kirefu kama mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kizame ardhini na kutoka na udongo mbichi kwa urefu wake wote, na mvua iwe imenyesha katika wiki mbili zilizofuatana. Alama hizo zilipotimia tulipanda siku ile ile baada ya Alasiri, bila ya mgeni rasmi, na kila mche tukautilia kivuli cha makuti. Mche wa kwanza tulimpa mzee yule aupande kwa mkono wake. Alituuliza kama safari hii amekuwa mgeni rasmi. Tukamjibu kwamba yeye ni mwenye nyumba.

Tunaandika haya masika yakiwa bado yanaendelea. Katika miche 29 tuliyoirudishia, imepotea miwili, nayo imeliwa na mbuzi. Habari hiyo tumeiandika katika muhtasari kama ilivyo.